Taa ya breki imewaka: ukague nini mwenyewe kabla hujaenda kwa fundi

“Taa nyekundu ya breki imewaka lakini gari linashika vizuri tu. Niendelee nalo mpaka mshahara utoke?” Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza amenunua gari lake la kwanza baada ya kuhamia Dodoma kikazi: IST, Vitz, Raum, Premio, na mwenye familia kubwa Noah. Asubuhi anatoka Kisasa au Ilazo kwenda Mtumba, jioni anarudi, na mwisho wa mwezi anashika njia ya Morogoro au Iringa. Gari limetoka Japani, kitabu chake ni cha Kijapani au hakipo kabisa, na aliyemuuzia alimwambia “hiyo taa ni kawaida yake.”

Usiendelee nalo. Fanya kwanza ukaguzi ulioandikwa hapa; hautakugeuza fundi, ila utajua kama gari litembee au lilale, na ukifika gereji utaeleza tatizo badala ya kusema “breki sizielewi.”

Nadharia ni hii tu. Ukikanyaga pedali unasukuma mafuta ya breki yaliyo ndani ya masta silinda. Yanapita kwenye mabomba hadi kwenye kila tairi, yanazibana brekipedi kwenye diski au yanazitanua brekishuu ndani ya dramu. Busta inakupunguzia nguvu ya kukanyaga kwa kutumia hewa inayovutwa na injini. Mabomba yamegawanywa njia mbili ili moja ikipasuka nyingine ibaki na uhai kidogo. ABS inazuia tairi zisijifunge na kuteleza.

Kabla hujaanza, andaa:

- tochi, ya simu inatosha
- kitambaa kikavu na safi
- jeki ya gari na spana ya nati za tairi
- mawe mawili makubwa ya kuzuia tairi
- rula ndogo yenye milimita
- sehemu tambarare na ngumu. Mchanga wa Nkuhungu au Nzuguni ni mzuri kwa mambo mengine, jeki inazama humo

Mafuta ya breki usiyanunue kwanza. Utaona sababu kwenye hatua ya nne.

1. Hesabu taa kabla ya kupiga stata. Pandisha hendibreki, weka gia P, au huru kwa gari la gia za mkono. Geuza ufunguo hadi ON bila kufika kwenye stata. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Dashibodi inatakiwa ijae taa: breki nyekundu, ABS ya njano, eabegi, injini, betri, oili. Gari linajipima. ABS na eabegi zinazima zenyewe baada ya sekunde chache. Injini, betri na oili zinasubiri injini iwake. Ya breki inasubiri ushushe hendibreki.

Taa ambayo haikuwaka kabisa hapa ni ya kuogopa kuliko ile iliyogoma kuzima. Ama balbu imeungua, ama kuna mtu ameitoa. Wapo mafundi wa “kuzima taa” kwa hela ndogo: wanafungua dashibodi, wanang'oa balbu au wanabandika utepe mweusi, gari linauzwa likiwa safi machoni. Wajanja zaidi wanaunganisha waya wa taa ya ABS na ule wa oili ili ziwake na kuzima kwa pamoja. Kwa hiyo usiangalie kuwaka tu, angalia na muda: ABS izime yenyewe ukiwa bado hujapiga stata. Unayekwenda kukagua gari la kununua, anzia hapa kabla hujasifia viti.

2. Soma rangi. Nyekundu maana yake tafuta mahali salama usimame. Njano maana yake unaweza kufika unakokwenda, ila usimalize nayo wiki. Kijani na bluu ni taarifa. Ile ya bluu ya joto la maji, kwenye magari madogo yasiyo na geji ya tempa, inawaka injini ikiwa ya baridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu inachelewa kidogo kuzima, na haina ubaya. Ikigeuka nyekundu ndipo usimame.

Taa nyingine nizipitie haraka. Ya oili, zima injini papo hapo, hata kama umebakiza mita mia kufika nyumbani. Ya betri ina maana chaji haiingii; gari litakwenda hadi betri iishe, kisha litakuacha njiani. Ya injini ni ya njano: ikitulia, nenda kapime, ikipepesa, punguza mwendo mara moja kwa sababu kuna silinda haichomi vizuri na katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzozi, inaungua.

3. Tofautisha taa za breki. Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kwa hiyo twende taratibu.

Duara jekundu lenye alama ya mshangao, au neno BRAKE, linawaka kwa sababu kuu tatu: hendibreki haijashuka yote, mafuta ya breki yamepungua, au mfumo wenyewe una hitilafu. Anza na rahisi. Pandisha hendibreki, kisha ishushe hadi mwisho kabisa. Zipo ambazo zimechoka, zinabaki zimeinuka kidogo na taa haizimi. Kama imeshuka yote na taa bado ipo, fungua boneti.

ABS ya njano ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, pedali itashika. Ulichokosa ni ule msaada wa kuzuia tairi zisijifunge ukibana ghafla. Kwenye lami yenye maji au barabara ya changarawe utaujua umuhimu wake. Nenda polepole, acha nafasi kubwa mbele, na upange siku ya fundi.

ABS ya njano na breki nyekundu zikiwaka pamoja ni habari nyingine. Mara nyingi ule mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umekufa. Ukibana kwa nguvu, tairi za nyuma zinaweza kujifunga kwanza na gari likageuka mkia mbele. Usiliendeshe. Ita fundi aje ulipo au livutwe.

Taa yenye kigari na alama za kuteleza ni ya udhibiti wa utelezi. Ikipepesa wakati unapita kwenye matope, inafanya kazi yake. Ikitulia, ama umebonyeza kitufe cha kuizima bila kujua, ama ina hitilafu. Wenye Aqua na Prius, taa ya breki ya njano kwenye gari lenu inahusu mfumo wa breki wa umeme. Hiyo haitibiwi kwa kuongeza mafuta.

4. Kagua mafuta ya breki, usikimbilie kuongeza. Kikopo chake ni cha plastiki inayopitisha mwanga, mara nyingi upande wa dereva karibu na kioo cha mbele, kina mistari ya MAX na MIN. Kifute vumbi kwa nje kwanza ndipo umulike tochi. Usikifungue bila sababu: vumbi la Dodoma halihitaji mwaliko, na chembe moja ya mchanga ikiingia humo inakwenda kukwaruza raba za masta silinda.

Sasa elewa jambo ambalo muuza spea hatakueleza. Mafuta ya breki hayaungui wala hayatumiki. Yanashuka kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni brekipedi kulika: zinavyozidi kuwa nyembamba, pistoni za kalipa (kile kishikio kinachozibana brekipedi kwenye diski) zinatoka nje na mafuta yanajaza nafasi hiyo, kwa hiyo kiwango kinashuka polepole kwa miezi. Ya pili ni kuvuja. Ndiyo maana nimesema usinunue kwanza. Ukiongeza tu, taa inazima na wewe unabaki na brekipedi zilizoisha au bomba linalotiririka, safari hii bila wa kukuonya.

Dalili moja ya kuishika: taa nyekundu inayowaka ukizunguka kipilefti au ukibana breki, halafu inazima ukinyooka. Hiyo si “waya umelegea.” Mafuta yamefika karibu na MIN, yanasogea upande mmoja na kile kielea cha ndani ya kikopo kinashuka kwa sekunde moja. Ukiiona hiyo, nenda hatua ya sita siku hiyo hiyo.

Angalia na rangi. Mapya yanaonekana meupe au manjano hafifu. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yamezeeka. Mafuta haya yanafyonza unyevu wa hewa, na yakishafyonza yanachemka kwa joto dogo zaidi. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingia maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei sana.

Ukilazimika kuongeza, soma aina iliyoandikwa kwenye kifuniko na ununue chupa iliyofungwa, si ile iliyobaki nusu kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ya silikoni haichanganyiki nazo kabisa. Usiweke oili ya injini, haidroliki ya usukani wala maji, hata kwa kufika tu Kibaigwa. Oili hizo zinavimbisha raba zote za mfumo na utabadilisha kuanzia masta silinda hadi kalipa. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, yaoshe kwa maji mengi hapo hapo, yanakula rangi.

5. Iulize pedali. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano hadi pedali iwe ngumu. Bila kuachia, piga stata. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu wako. Ikizama, busta ni nzima. Ikibaki ngumu vilevile, busta au mpira wake wa hewa una shida.

Injini ikiwa inaunguruma, endelea kukanyaga kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika. Pedali ikae pale pale. Ikiendelea kushuka taratibu kuelekea sakafuni, kuna mvujo au raba za masta silinda zimechoka, na gari hilo halitoki uani. Ikiwa laini na inarudi juu ukiipampu, mfumo una upepo ndani.

6. Angalia tairini. Gari likiwa chini, legeza nati robo mzunguko. Weka mawe kwenye tairi za upande ambao hunyanyui, ndipo upige jeki. Ukitoa tairi, ilaze chini ya ubavu wa gari, jeki ikiponyoka gari litue juu ya tairi. Usiingize kichwa wala mguu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wanavyolala humo kama wako kitandani.

Kwenye rimu za wazi unaweza kumulika brekipedi bila kutoa tairi, lakini utaona ya nje tu. Ya ndani mara nyingi inalika zaidi, hasa pini za kalipa zikikwama kwa vumbi. Toa tairi, chungulia zote mbili. Pima ile sehemu inayosuguana, usihesabu bati la nyuma. Ikibaki milimita 3 au chini, badilisha. Diski ikiwa na mifereji inayokwama kucha, au ukingo ulioinuka pembeni, mwonyeshe fundi.

Pitisha macho kwenye hozi ya breki, ule mpira unaoelekea kalipani: isiwe na nyufa wala kuvimba. Upande wa ndani wa tairi uwe mkavu. Unyevunyevu wenye mafuta hapo ndio mvujo tuliokuwa tunautafuta. Magari mengi madogo yana dramu nyuma, ndani huoni kitu; kinachokusaidia ni hendibreki. Ikipanda juu sana kuliko zamani ndipo ishike, brekishuu zimelika au zinahitaji kurekebishwa.

Rudisha tairi, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, shusha jeki, kaza tena gari likiwa chini. Kabla hujaondoka, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe juu.

7. Jaribu barabarani, ila tu kama hatua ya tano imepita. Tafuta barabara ya lami iliyotulia na iliyonyooka, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, usiwe na mtu nyuma. Shika usukani kwa wepesi, bana breki. Gari likivuta upande mmoja, kalipa moja imekwama au brekipedi za upande mmoja zimeingia mafuta. Pedali ikitetema, diski haiko sawa. Ukibana ghafla kwenye changarawe na kusikia pedali inagonga mguu, hiyo ni ABS inafanya kazi, usiachie.

8. Ukiwa gereji usiondoke, simama hapo hapo fundi akifanya kazi. Mweleze fundi ulichokiona: taa gani, inawaka lini, mafuta yako wapi, pedali inafanyaje. Brekipedi zinabadilishwa tairi za kushoto na kulia kwa pamoja, kamwe si upande mmoja. Dai spea za zamani uzione. Akizirudisha pistoni ndani, mafuta yatapanda kikoponi, na kama wiki iliyopita uliongeza hadi MAX yatafurika. Akifungua bomba lolote, lazima atoe upepo. Akikuambia ABS inahitaji “kufutwa tu” kwa mashine, muulize kwanza kodi (namba ya hitilafu inayosomwa na mashine) ilisema sensa ya tairi gani. Kufuta kodi si kutengeneza. Taa itarudi kabla hujafika Ihumwa. Na vifaa vingi vya bei nafuu vinasoma injini peke yake, ABS havioni.

Mteremkoni

Dodoma mjini ni tambarare, kwa hiyo mtu anaweza kukaa mwaka mzima na breki mbovu asijue. Anagundua akitoka Manyoni anashuka Saranda, au akirudi kutoka Iringa anashuka Nyang'oro kuelekea Mtera, au Sekenke ukishapita Singida. Shusha gia kabla ya mteremko, si katikati yake. Kwenye gari la otomatiki tumia L, 2, S au B kulingana na ulichonacho, usiweke N hata kidogo. Breki bana kwa nguvu kidogo kisha achia zipoe. Usiegemeze mguu hapo kuanzia juu hadi chini. Ukisikia harufu ya kuungua na pedali inakuwa laini, simama pembeni zipoe zenyewe. Usimwage maji kwenye diski ya moto, itapinda au kupasuka.

Pedali ikizama kabisa ukiwa kwenye mwendo: ipampu haraka mara nyingi, shusha gia moja moja, washa hazadi, vuta hendibreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake. Injini usizime, utapoteza msaada wa usukani na wa busta kwa wakati mmoja.

Matatizo yanayojirudia

*Breki zinalia kwa sauti nyembamba.* Brekipedi nyingi zina kibati kinachogusa diski zikikaribia kuisha. Una siku chache. Sauti ikigeuka kuwa ya kukwaruza nzito, ni chuma kwa chuma, na sasa diski inaliwa nayo.

*Inakwaruza asubuhi tu baada ya mvua.* Kutu nyepesi juu ya diski. Inaisha ukibana mara mbili tatu.

*Inakwaruza mfululizo hata bila kukanyaga, nimetoka barabara ya vumbi.* Mara nyingi ni kijiwe kimeingia kati ya diski na bati la kinga. Rudi nyuma taratibu mita chache, kinaweza kudondoka. Kisipotoka, toa tairi ukichokoe.

*Taa ya ABS imewaka baada ya kupita kwenye tope.* Osha vizuri eneo la sensa nyuma ya kila tairi, angalia waya wake usiwe umekatwa na kichaka. Endesha kidogo uone.

*Taa ya ABS imewaka baada ya fundi kubadilisha beringi au sivijointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi).* Rudi kwa fundi huyo huyo. Magari mengi ya karibuni yana beringi yenye sumaku upande mmoja ambayo sensa inaisoma. Ikigeuzwa, sensa haioni kitu. Sivijointi nayo huuzwa yenye pete ya meno ya ABS na isiyo nayo.

*Imewaka baada ya kufunga tairi la akiba.* Tairi la kipimo tofauti linazunguka kwa kasi tofauti na mengine, kompyuta inaona kasoro. Rudisha la kipimo sahihi.

*Taa zote zimewaka kwa pamoja, na usukani umekuwa mzito.* Kabla hujauziwa pampu ya ABS, pima betri na altaneta. Injini ikiwa inaunguruma, umeme kwenye betri za magari mengi unatakiwa uwe kati ya volti 13.5 na 14.5.

*Tairi moja ina joto kali kuliko nyingine baada ya safari.* Kalipa haiachii, au hendibreki imenata. Usimwagie maji, legeza hendibreki, subiri ipoe, na usisafiri umbali mrefu hadi ifunguliwe isafishwe.

*Nimeongeza mafuta ya breki na taa imezima.* Weka alama ya kalamu kwenye kikopo mahali mafuta yalipofika, na uandike tarehe. Angalia kila asubuhi kwa wiki moja. Yakishuka chini ya alama ndani ya wiki hiyo, kuna mahali yanavuja. Rudi hatua ya sita na tochi.